Gunia la Orijino

Alikuja na tochi mchana kweupe,
akalala chali kwenye vumbi la Mabatini,
shati jeupe, akisoma namba za injini
kama anayesoma hirizi ya mtu mwingine.
"Ya sabini na sita," akasema kutoka chini ya tangi.
"Ya safari ndefu. Mjerumani mwenyewe.
Ila, dada, hapa kipi ni orijino?"

Nikaanzia mbele.
Taa: ya Fuso lililopinduka Nyanguge.
Kioo cha upepo kilikuwa dirisha la boti ya doria,
Musiba akakikunja kwa maji ya moto.
Waya wa klachi, wa baiskeli.
Ringi ni za Kichina, zinakula oili
kama wageni wa matanga.
Kiti kimevikwa ngozi ya ng'ombe wa mahari yangu,
yule mmoja aliyekufa kabla ya harusi.
Na masanduku haya yaligongwa Makoroboi
kwa bati la mafuta; ukiinama,
nusu ya neno bado inasomeka: PAMB

"Basi kilichobaki ni jina," akasema, akijipangusa magoti.
"Unajua wenyewe, kizuri chajiuza."
Mama, kwenye sufuria, bila kugeuka:
"Malizia."
Hakumalizia.

Baba alikuwa kwenye benchi, mguu ameunyoosha.
Lugembe, bwana pamba: Kwimba, Magu, Bariadi,
msimu baada ya msimu, mizani ya kupimia imefungwa nyuma.
Spea ya kwao ilikuwa barua, miezi saba,
na fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo.
Pamba haingoji barua.
Goti lake la kulia ni la chuma, aliwekewa Bugando,
na mpaka leo hakuna aliyemmulika tochi
kumuuliza yeye ni wa mwaka gani.

"Nkwimba," akaniita, "mletee gunia."

Chini ya kitanda, nyuma ya mabeseni.
Kila kilichokufa kimeviringishwa kitambaa,
kila kitambaa na karatasi, kwa mwandiko wake wa risiti:
*Kabureta ya kushoto. Ilikufa Ngudu, 3/8/83, mvua.*
*Kioo cha taa. Jiwe la mtoto. Mtoto nimemsamehe.*
*Spidomita. Ilisimama 91,406, daraja la Simiyu.*

Mgeni akanyamaza. Akakaa chini, shati jeupe na yote,
akivifungua kimoja kimoja kama anayeosha maiti.
Akahesabu noti mara mbili.
Akanunua gunia.
Pikipiki akaiacha pale pale.

Jioni nikampakia Baba, goti limetokeza pembeni
kama tawi kwenye mzigo wa kuni.
Nikapiga kiki. Ya kwanza, ya pili,
ya tatu kibaya kikajitembeza:
Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa,
twende tukalione daraja la Kigongo
mahali alipokuwa akilala akingoja kivuko.
Kwa kasi gani, sijui. Spidomita iko njiani kwenda Arusha,
na tangu Simiyu hakuna aliyehesabu.

Usagara nati moja ikadondoka. Tuliisikia wote wawili,
ting, kwenye lami.
"Ya wapi hiyo?" akauliza sikioni kwangu.
Nikasema sijui, ila bado tunakwenda,
na Buhongwa zipo, mia mbili mia mbili,
tutanunua tukirudi.