Ratiba ya Penseli

Krismasi naiandika kwa wino.
Haina kuhama, imekaa tarehe yake
kama mwenye nyumba.
Idi naiandika kwa penseli,
kifutio kando,
maana mwezi hauandikiwi barua.

"Mghoi, ni Jumanne au Jumatano?"
Bwana Rukaria anataka jibu moja;
meli imefunga gatini, na hapa Shimanzi
magunia ya chai yamefika dari.
Nami nilishampigia Msellem, yuko juu ya paa Kibokoni
na wenzake, shingo zimewauma,
wanatafuta ukucha wa mwezi.
Mimi Mtaita wa Wundanyi, sauti ya pili kwaya ya Changamwe,
nimesimama dirishani, simu sikioni,
nikiutafuta nao
kama niliyefunga siku ishirini na tisa.

Yeye hunibebea Krismasi. Mimi humbebea Idi.
Deni lisilo riba: kesho yake
sufuria ya pilau huja imefungwa kwa leso,
na leso lazima irudi.

Mkutanoni kila mtu alisema lake.
Fungeni lango, siku ya mmoja iwe ya wote.
Wengine: kazi ni kazi, Mungu hapigi kadi asubuhi.
Obura wa forklifti akasimama:
"Mimi siamini chochote. Nipeni siku yangu nilale."
Tukacheka.
Kisha tukaona yeye hacheki.

Nilikuwa nahesabu malipo ya ziada
ndipo nikaliona jina.
Krismasi, langoni: Dzombo.
Idi ya Ramadhani: Dzombo. Idi ya kuchinja: Dzombo.
Pasaka. Divali ya kina Hasmukh. Dzombo, Dzombo.
Miaka tisa,
mwandiko wangu mwenyewe,
wala mkono haukuwahi kusita.
Kwenye fomu yake, palipoandikwa Dini,
alama iko kisanduku cha mwisho: Nyinginezo.
Humo ndimo tulimomweka mtu mzima.

Aprili akaja dirishani pangu, kofia mkononi.
"Mama, naomba Alhamisi. Mvua imekataa,
wazee wanaingia kaya kuomba."
Kwa nini hukusema miaka yote hii?
"Wiki yetu ina siku nne, mama.
Ya nne jembe haligusi ardhi.
Ningeanza kuidai, ungeipachika wapi
kwenye karatasi yako ya siku saba?"

"Ipo kwenye gazeti la serikali?" akauliza Bwana Rukaria.
Haipo.
"Basi hiyo si sikukuu. Hiyo ni ruhusa."

Alhamisi lango nililishika mimi.
Tochi yake. Kiti chake, mguu mmoja umefungwa kamba.
Chini ya kiti, boksi la majani ya chai:
kadi ya Krismasi yenye theluji,
kijitaa cha udongo cha Divali, utambi umeungua,
na sahani ya bati yenye maua mekundu
ambayo mke wa Msellem huitafuta hadi leo.
Kila sikukuu ilimpitia pale langoni,
ikamwachia chombo, ikaenda zake.

Mvua haikunyesha siku hiyo.
Ilinyesha Jumapili, katikati ya mahubiri,
ikapiga mabati hadi pasta akanyamaza,
kisha akaishukuru mbingu
kwa kujibu maombi yetu.
Nikasema amina pamoja na wote.
Halafu nikamkumbuka Dzombo,
nikaisema tena, polepole, peke yangu.

Mwisho wa mwezi mshahara wake
ulipungua siku moja.
Nikayatazama makato yale, kifutio mkononi.
Yameandikwa kwa wino.