Sekunde Arobaini

Meza yangu ya masomo ni ubao wa pasi.
Nimeushusha usawa wa magoti, nikauelekeza dirishani,
Dundee, ghorofa ya tatu,
kwenye kona ambayo mtandao hushika ukipenda.
Saa kumi alasiri, giza limeshaingia.
Shakwe wanagombea pakiti ya chipsi juu ya paa la watu.
Jana usiku nilimgeuza Bi Elspeth mara nne kitandani
asije akatoka vidonda.
Leo ni mwanafunzi wa uzamili, ushauri nasaha:
juu blauzi ya heshima,
chini suruali ya kulalia na soksi mbili mbili.

Moduli ya tatu, Kusikiliza.
Nilicheka. Kusikiliza nako kunasomewa?
Kwa ada ile?

Morag, mwalimu wetu, akanirudishia kanda yangu.
Dakika ya pili, anasema, umempa pole hajamaliza sentensi.
Ya nne, umemwambia yatapita.
Ya tano umemleta Mungu.
Mwenyewe yuko wapi katika mazungumzo haya?

Nilikasirika, nikatabasamu, kama tunavyojua.
Nilitaka kumwambia: kwetu
ukijikwaa, pole. Ukitoka shamba, pole na kazi.
Ukifiwa, pole; ukipaliwa na chai, pole;
hata mzigo wako mwenyewe ukiubeba, unapewa pole.
Neno lenu linauliza kwanza nani mkosa.
Letu halimtafuti mtu.
Sikusema. Niliandika daftarini:
*pole ni mlango.*
Chini yake, baada ya muda:
*au komeo?*

Alhamisi tukagawanywa watatu watatu.
Gethin wa Swansea azungumze, mimi nisikilize,
Zofia atuangalie, kamera kaizima, anamwogesha mtoto,
tunasikia maji.
Gethin akasema baba yake aliuza kondoo wote
wiki tatu kabla ya kufa, bila kumwambia.
*Nilifika nikakuta zizi limefagiliwa,* akasema.
*Limefagiliwa*—
na uso wake ukaganda,
mdomo wazi nusu, jicho moja limeanza kufumba.

Amenyamaza, au ni mtandao?
Sikujua.
Kooni mwangu walikuwa wamejipanga foleni
pole, na yatapita, na jikaze,
kila mmoja ameshika kadi yake ya kliniki.
Nikakaa.
Kumi. Birika likajizima lenyewe.
Ishirini. Mita ya umeme ikalia, inataka pesa.
Thelathini, na maji ya mtoto yamekwisha.
Arobaini.

Picha ikashtuka. Mashavu yake yameloa.
*Asante,* akasema, *kwa kuniachia nafasi.*

Zofia aliandika: ukimya mzuri ajabu.
Morag alinipa alama nilizozitamani tangu Septemba.
Sijamwambia mtu
kwamba nilikuwa naikodolea macho alama ya mtandao.

Jumapili akapiga Mwachofi, kutoka Voi.
Mwaka ule alipoachishwa kazi ya reli
alinipigia pia, usiku, na mimi nikamwambia
jikaze, wewe mwanamume.
Akasema, sawa dada.
Miaka minane nimeichukulia sawa ile kuwa ni sawa.

Tukaongea bei ya saruji. Tukaongea jino la mama.
Kisha akaacha.
Nikatazama simu: mtandao umejaa, vijiti vyote vinne.
Basi si mtandao.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, taa sijawasha.
Moja. Mbili.
Upande wa pili mtu akavuta pumzi, akaishikilia.
Nikafika arobaini, nikapita,
sikuhesabu tena.

Aliyoyasema siyaandiki hapa; si yangu.
Alipomaliza, alipomaliza kabisa,
ndipo nikampa pole.
Safari hii ilikuwa imechelewa vya kutosha.