Wastani wa Watoto Saba

Mkurugenzi Abdrasulov anataka orodha:
shule mia tatu na kumi na mbili za mkoa wa Naryn,
ya kwanza juu, ya mwisho chini,
karatasi moja, ifikapo Ijumaa.
"Jumlisha, gawanya, panga.
Hesabu haina huruma," akaniambia,
akaipuliza chai yake.

Nikajumlisha. Nikagawanya.
Mkiani ikatokea shule ya Tashbulun:
mwalimu mmoja, watoto saba,
wastani wa alama kumi na tisa.

Saba.
Mmoja akipiga chafya, wastani unatikisika.
Shule ya mjini ina watoto elfu moja na mia mbili;
arobaini wakilala na homa siku ya mtihani
namba yake haipepesi hata jicho.

Usiku nikaanza upya.
Tulizoea kumhesabu kila mtoto kama punje
iliyodondoka peke yake, isiyolijua gunia lake.
Lakini hawa hukohoa pamoja.
Wanaota moto wa jiko moja la makaa,
wanarithi kosa moja la mwalimu
aitaye kila kipande "nusu", hata kikiwa robo.
Ukiwauliza thelathini wa darasa moja
hujawauliza thelathini.
Labda umewauliza sita;
waliobaki ni mwangwi.

Basi nikaipa kila ngazi haki yake,
mtoto na lake, darasa na lake,
shule, wilaya, bonde lenye barabara na lisilo nayo,
nikauuliza mtawanyo: wewe unaishi wapi hasa,
kwenye dawati, au kwenye bajeti?

Na shule ndogo nikaikopesha.
Ndiyo, tunakopesha. Ushahidi ukiwa haba
modeli huivuta namba kuelekea kwa wenzake,
taratibu, kama usiku mtu avutavyo blanketi
limfikie aliyelala pembeni.
Tashbulun ikaondoka nafasi ya mwisho
ikaenda mahali paitwapo sijui:
kati ya arobaini na mia tatu, nikaandika.
"Sijui si nafasi," akasema mkurugenzi.
Nikamwambia ndiyo nafasi pekee
niliyoweza kuitilia saini.

Alhamisi nikapanda gari la mkaa hadi huko,
saa sita za theluji na dereva asiyependa maswali.
Mwalimu Toktosun akafungua daftari la mahudhurio
kwa kidole kilichopasuka baridi:
Machi, wiki ya mtihani, kondoo walikuwa wanazaa,
Sezim hakuja.

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa.
Hapa asiyekuwapo aliandikiwa sifuri,
na sifuri ikaketi mezani
ikala kutoka sahani za wenzake sita.

Nikaifuta. Wastani ukapanda
alama tatu na kidogo.
Si muujiza. Nilitaka ziwe nyingi zaidi,
na kutaka kwangu nako
hakukuwa na safu kwenye jedwali.

Wala hapakuwa na safu ya dirisha,
lile lililozibwa kwa gunia la unga,
ambapo Sezim hukaa amevaa glavu
akiandika kwa herufi nene kama vijiti,
huku walio karibu na jiko wakivua makoti.
Mwishoni mwa kila mlinganyo tunaacha herufi moja
kwa ajili ya tusichokijua.
Sikuwahi kufikiri kwamba ina glavu.

Nikamuuliza, maana nilishafika:
kondoo tisa wamezaliwa, watatu wamekufa,
ni sehemu gani iliyokufa?
Mwalimu akafungua mdomo. Akaufunga.
"Theluthi," akasema Sezim,
bila kuangalia ubao.
"Ila huyu wa tatu alikufa Jumapili,
bado tunambishania."

Jiko likatoa moshi.
Mwalimu akakohoa,
na wote saba wakakohoa.