Deki ya Rimouski

Wakala wa mizigo alicheka:
"Mama, deki hata Galway zipo. Iache."
Odile hakubishana. Aliivika sweta la marehemu,
mikono akaifunga fundo kwa mbele,
kama mtoto apelekwaye kliniki asubuhi ya baridi.

Umeme wa huko ni mkali, ungeiunguza;
akanunua transfoma, nzito kuliko koti na viatu vyake vyote.
Kanda arobaini na moja, mwandiko wa Gaétan:
Theluji ya Machi. Jino la Luc. Jikoni, kabla ya rangi.
Na moja ya lebo iliyokwanguliwa: Harusi.

Harusi hiyo ina dakika kumi na mbili.
Padri anafungua kinywa, Odile anafunua shela,
mara uwanja wa barafu, magongo, vumbi jeupe!
Mume mtu alirekodi mechi ya kaka yake juu ya kiapo.
Alilala kwenye kochi hadi maua yalipochanua.

Galway. Mvua inapiga dirisha kwa ubavu.
Transfoma inanguruma, deki inakohoa, inakubali.
Kinywa cha padri. Shela. Barafu.

Miaka yote hiyo alibonyeza kuzima hapa.
Leo anaacha iende.
"Ndiyo" yake ilifutika, basi;
ila nyuma ya kamera kuna mtu anafoka,
pumzi juu, mafua puani:
"Piga, bwege wewe! Piga!"

Jirani anagonga ukuta.
Odile anaongeza sauti.