Mdai Asiyekuja Mazikoni

Siku tuliyomzika Shekuwe
ndugu yake alisimama mbele ya jeneza,
akapaza sauti hadi sisi wa ndani tukasikia:
"Alomdai marehemu na aye kwangu."

Wakaja. Muuza makaa, madebe mawili, akasamehe.
Fundi cherehani, kanzu ya Idi, akasamehe.
Hata Famau wa dukani, ambaye huhesabu njugu,
alikuna kidevu, akasema haya, tumeachiana.

Mita ilikuwa ukutani, juu ya vichwa vyetu,
ikipepesa jicho lake jekundu.
Haikutoa neno.

Sasa nimo edani. Miezi mine na siku kumi
ndani ya nyumba ya bati, Wiyoni,
na kaskazi imepamba moto.
Friji lililokuwa likigandisha barafu za ukwaju
za kuwauzia watoto wa chuo
nimelitia unga na kanga. Chungu hawaliingii.

Swabra hurudi dukani na tarakimu ishirini,
huzibonyeza moja moja, midomo ikimcheza
kama asomaye alifu kwa kijiti.
Nimempa mia mbili.
Mia imenaswa: deni la zamani.
Iliyobaki imemegwa kodi, ikamegwa tena,
zikaingia nyumbani yuniti tatu na chembe,
kama mgeni aliyekuja kuaga.

Deni hilo nalijua.
Ni la kaskazi nyingine, nina mimba ya huyu huyu Swabra,
miguu imefura, bati juu linatokota,
na Shekuwe kaielekeza feni usoni mwangu
usiku kucha, mchana kutwa, mwezi, miwili.
Nikimwambia zima, hunijibu:
"Lala. Upepo huu nishaulipia."

Hakuwa ameulipia.
Mrongo yule. Mungu amrehemu.

Jana usiku Kombo, yule apandaye nguzo,
alinena nyuma ya pazia:
shemeji, nipe mia tano niunge waya nyuma ya mita,
kampuni haitajua, nusu ya mtaa ndivyo waishivyo.
Nikanyamaza kitambo.
Mtoto alikuwa amelala sakafuni, shavu juu ya saruji,
akitafuta ubaridi kama paka.
Joto nalo likinibembeleza pamoja na Kombo.

Lakini nimesomeshwa
kwamba roho ya muumini huning'inia kwa deni lake,
na yake mie naijua ilipo:
pale, kwenye msumari wa mita,
miguu haigusi chini.

Nikiiruka mita, Kombo,
yeye nimwache juu na nani?

Swabra, amka. Chukua hii mia.
Lete tarakimu.
Tumteremshe kidogo.