Kilo Tano

Mheshimiwa, bahasha yenyewe ni hii.
Niliitunza katikati ya stakabadhi za korosho
kwa sababu nyumbani kwangu
hakuna karatasi nyingine inayoheshimiwa.
Tazama: jua na mwezi vimechorwa kwa kalamu ya bluu,
moja mara tatu,
na jina la mwanangu limekatwa mkia: Zamoyo.
Ile "ni" ya mwisho sijui aliila nani.

Kituo cha afya waliandika dawa ya damu.
Malaria ilikuwa imemmaliza, viganja vyeupe kama muhogo uliomenywa.
Stoo yao haikuwa nayo. "Kanunue nje."
Nje ni dukani kwa Litunu, mkabala na soko la Newala,
na siku hiyo Litunu alikuwa kwenye mnada wa korosho.
Kaunta alimwachia mpwa wake, Asnati,
aliyeishia kidato cha pili.
Simchukii. Nimeapa, nasema ukweli.
Alinipa shikamoo.
Aliusoma mwandiko wa daktari kama mtu avukaye matope,
akachagua kopo, akahesabu kwa ncha ya kisu
vidonge ishirini na kimoja,
akanirudishia mia tano yangu.

Mimi hubangua korosho. Mafuta ya ganda
yamenila vidole. Nimezoea kuamini
kilichofungwa na mtu mwenye mikono safi.

Usiku wa pili Zamoyoni alitoka jasho baridi,
akaniita kwa jina la dada yake,
kisha akakakamaa.
Mama mkwe akasema zongo. Jirani akasema degedege.
Mashine ya hospitali ilimchoma kidole
ikasema moja nukta mbili,
na muuguzi akapaza sauti: "Huyu kala nini?"
Nikatoa bahasha.
Alimimina vidonge kiganjani, akanyamaza,
halafu polepole, kama anayemtaja marehemu:
"Mama, hii ni dawa ya wagonjwa wa kisukari."

Aliamka alfajiri. Aliamka nusu.
Mkono wa kulia ulibaki usingizini.
Zamani alinihesabia korosho hadi mia;
sasa akifika sita hutazama mlangoni
kana kwamba saba imetoka kidogo, itarudi.

Litunu alikuja Ijumaa, baada ya swala.
Alikuja na laki tatu, mchele,
na (naomba hili liandikwe) kilo tano za sukari.
Akaziweka mkekani, mbele ya mtoto.
Nilicheka. Wakadhani nimerukwa na akili.
Kitu ambacho usiku ule mwanangu alikikosa kijiko kimoja
kimeletwa kwa mfuko.

"Ni bahati mbaya tu," akasema. "Sisi ndugu. Weka dole hapa."
Nikaweka. Ndiyo, niliweka, sifichi.
Wino ukaacha doa tupu, halina mstari hata mmoja;
korosho zilishakula alama zangu.
Akasema: "Rudia."

Hilo rudia ndilo lililoniamsha.

Benadeta, msaidizi wa sheria,
ambaye ofisi yake ina cherehani mbili na faili nyingi,
hakunifariji. Aliuliza:
Bahasha ipo? Cheti kipo? Vidonge vimebaki vingapi?
Kumi na sita.
Akasema kuna Baraza la Famasi, litaangalia leseni
na nani aliruhusiwa kusimama kaunta;
kuna mahakama, itauliza mkono wa mtoto una thamani gani;
hili halizuii lile.
Lakini madai nayo huzeeka, akasema,
usiache misimu mitatu ikakupita.

Leo wakili wake ananiuliza
nitathibitishaje kwamba vidonge havikubadilishwa nyumbani.
Nyumbani kwangu, Mheshimiwa?
Panadoli yenyewe tunainunua kimoja kimoja.

Sukari bado ipo. Sijaifungua.
Ikihitajika kama kielelezo nitaileta
pamoja na sisimizi wake.

Karani amegonga muhuri juu ya bahasha.
Na yule pale kwenye benchi, anayenyoosha mkono wa kushoto,
ndiye Zamoyoni.
Anadhani mnamchukulia jua lake.