Saba Yenye Mkanda

Alhamisi, saa tisa na nusu. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Saa kumi kamili orodha iwe mezani kwa mkuu wa shule:
nani acheze kesho, nani akae.
Kanuni ni fupi, imebandikwa juu ya bomba la maji:
chini ya sitini, huvai jezi.

Maren Skaar ana hamsini na nane.

Nimejumlisha mara tatu, kama mwenye duka
anayetumaini vidole vyake vimekosea.
Kazi ya nyumbani ya Jumatatu ingemvusha:
safi, haina hata doa la kifutio,
kila hatua mahali pake,
na kila saba ina mkanda kiunoni.

Maren haandiki hivyo. Saba yake ni fimbo tu,
imeinama kama mwenyewe anapodunda mpira
katikati ya wasichana warefu wa Kirkelund.

Mkanda ule naujua. Ni wangu.
Mama aliutoa Bergen, kichwani,
nami nimewafunga nao watoto wa mji huu
miaka thelathini na mmoja, kwa chaki.
Wengi waliufungua walipotoka darasani.
Lyle Brekke hakuufungua.
Siku hizi ndiye kocha.

Nilishika kitasa niende kumkabili.
Nikakiachia.

Maana lipo daftari jingine, la kijani, chini kabatini,
na ndani yake, mwaka ule tulipofika fainali,
jina la Lyle: hamsini na nane,
imekatwa kwa wino wangu,
pembeni sitini.
Alama mbili. Nani angekufa kwa alama mbili?
Kiwanda cha sukari kilikuwa kimefungwa,
wanaume walikaa garini injini zikinguruma
wasijue pa kwenda.
Tulitaka kushinda kitu, chochote.
Tulifungwa kwa pointi kumi na tisa.

Umleavyo ndivyo akuavyo,
na huyu amekua, sasa anamlea mwingine.

Saa kumi kasoro dakika ishirini nikamwita Maren.
Akaja na soksi za mazoezi, moja imeteremka.
Nikampa swali la nne, nimebadili tarakimu.
Akalitazama kama mtu aliyeelekezwa nyumba
asiyowahi kuingia.
“Sijui pa kuanzia,” akasema.
Kisha, chini chini: “Kocha alisema ni msaada tu.”

Nami niliwahi kuuita hivyo.

Niliandika hamsini na nane. Hilo halikuwa gumu.
Chini yake, kwa mkuu wa shule, mistari miwili
kuhusu daftari la kijani.
Hiyo ndiyo iliyokula dakika zote zilizobaki.

Ijumaa ukumbi ulifurika.
Watu niliowafundisha kugawanya
walinipisha ngazini bila salamu.
Lyle alikuwepo, filimbi mfukoni, hakunitazama.
Maren alikaa mwisho wa benchi na sweta la bibi yake,
akiandika takwimu za wenzake.
Robo ya tatu tulikuwa nyuma kwa saba.
Nilimwona akiiandika: fimbo tupu, imepinda, yake.

Sikumbuki tulifungwa ngapi.

Jumatatu, kabla ya kengele, alikuwa mlangoni,
theluji viatuni, penseli mdomoni.
Akaitoa.
“Lile la nne,” akasema.